Mkono Mbichi wa Orville Haugen

Hili ninalowasimulia hamtaliamini, wala sitawalaumu. Nisingeliona kwa macho yangu haya mazuri, nami ningesema ni uongo.

Hapa Duluth, katika chama chetu cha wafuga samaki, hakuna aliyejigamba kwa karantini kama Orville Haugen. "Samaki mgeni ni kama mkwe," alizoea kusema. "Haingii sebuleni siku ya kwanza." Bernadine Koski alipofiwa na samaki kwa ugonjwa wa madoa meupe, Orville alimsimanga mbele ya wanachama, kahawa mkononi: "Umewatoa dukani ukawamwaga moja kwa moja? Hata viazi huoshwa kwanza, mama!"

Lakini baridi ilipoingia, Bernadine, akiondoka kwenda kuota jua Arizona, alimletea Orville huyohuyo tetra waliosalia, wale samaki wadogo wa rangi. Walikuwa wa marehemu mumewe. "Kwako watakuwa salama," alisema.

Orville aliwaona wamejibanza nyuma ya gogo. Tetra ni watu wa kundi. Wakipungua huogopa hata kivuli chao. Akaamua kuwaongezea wenzao, Bernadine akirudi ashangae. Dukani, tangi lenye samaki mmoja anayejikuna kwenye jiwe alilipita lote. Kwenye jingine akaomba watiwe chakula, akawakataa wasiokula na waliobana mapezi.

"Mzee, unachagua samaki au mchumba?" muuzaji akauliza.

"Mchumba nilichagua haraka, ndiyo maana naishi peke yangu."

Nyumbani akawaweka wageni hao katika chumba cha chini ya nyumba, wakiwa na tangi lao, wavu wao, ndoo yao. Asubuhi moja akaona chembe nyeupe pezini mwa mmoja. Akazamisha mkono kuondoa mimea kabla ya kutia dawa, kisha akapanda juu, kifua mbele: si mnaona faida ya karantini? Sebuleni, mmea ulikuwa umeng'oka kwenye tangi la tetra wa Bernadine. Akaupanda upya kwa mkono uleule, sweta bado inachuruzika maji ya tangi la chini.

Wiki haikwisha, tetra wa Bernadine wakajaa madoa. Dawa iliokoa wachache.

Theluji ilipoyeyuka, Bernadine akabisha hodi. Orville alikuwa ametundika shuka mbele ya tangi.

"Siku hizi unaanika nguo sebuleni, mzee?"

Orville hakuweza hata kumkaribisha kiti. Akanyoosha mkono kama mtoto anayengoja fimbo. "Ni huu, dada. Niliutoa kwa wagonjwa, sikuuosha, nikautia kwa wako."

Bernadine akalifunua shuka, akawatazama waliobaki.

"Mimi ulinisimanga mbele ya watu," akasema. "Na hili ukaliseme palepale."

Akalisema. Alisimama katika ukumbi wa chini wa kanisa, chama chetu kinapokutania, masikio mekundu, akaeleza yote, hata sweta. Nilikuwapo! Watu mia tatu waliangua kilio, wawili wakazimia, na machozi ya Orville yakajaza ndoo mbili na—

"Tulikuwa kumi na mmoja," anasema Orville, anayesoma juu ya bega langu ninapoandika, "na wewe ulikuwa unakoroma. Aibu yangu yatosha ilivyo, bwana, usiiongezee hata chembe ya chumvi."