Mzee wa Mstari wa Saba

Hili si jambo nililosimuliwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, saa kumi na nusu jioni, katika mtaa wa Aston mjini Birmingham. Sinywi pombe. Sikuwa na homa. Ukitaka kucheka cheka sasa, kwa sababu mbele huko hutapata nafasi.

Nilifika Birmingham kwa njia ndefu. Nilitoka Nyahururu baada ya kidato cha nne, nikauza viatu Nairobi, nikalinda ghala Doha miaka mitatu, kisha nikapata karatasi za kwenda Kanada kufanya kazi za shamba. Kule nilikaa misimu minne katika kaunti moja ya mashambani, nikichuma matufaha na kukamua ng'ombe. Mwishowe binamu yangu muuguzi akanivuta Uingereza. Ndege mbili, kisha basi kutoka London, nikashuka na begi moja na koti lililonuka zizi.

Niamini, niliipenda kaunti ile kuliko mahali popote nilipowahi kulala. Kusini kuna ziwa ambalo ng'ambo yake huioni. Kaskazini ni mwamba, jembe haliingii, na watu walioahidiwa mashamba huko zamani walikaa na njaa miaka michache wakaondoka. Katikati ndiko kwenye udongo. Wapima ardhi walipiga barabara zilizonyooka kama rula, wakazipa namba: Mstari wa Kwanza, wa Pili, mpaka wa Kumi na Mbili. Mtu wa kule hakutajii kijiji chake, anakutajia mstari wake. Wenyeji waliokuwapo kabla ya wapima ardhi walisukumwa pembeni, majina yao yakabaki kwenye mito. Vijiji navyo vilikufa kimoja kimoja pale reli ilipopita kwingine. Haya nilielezwa na mkulima aliyeniajiri, nami nikayabeba. Popote nilipokaa nilisimulia Kanada mpaka watu wakahama meza.

Birmingham nilipanga chumba Perry Barr, nikapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wao alikuwa Mama Jasbir, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mjane wa miaka themanini na kitu. Aliishi Aston, katika safu ya nyumba zile za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Kiingereza alikisema na daktari tu. Mimi alinigombeza kwa Kiswahili.

"Wewe chelewa tena," aliniambia jioni hiyo ya Desemba. "Iko nini? Basi imekufa njiani?"

"Foleni, Mama."

"Foleni iko kila siku. Weka chai. Vikombe tatu."

"Si tuko wawili?"

"Mimi najua kuhesabu, kijana. Baridi imeingia, mzee atakuja."

Nilidhani ni jirani. Nje giza lilikuwa limeshashuka, na mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Mlango ukabishwa, nami kama ilivyo kawaida yetu nikaitikia "Karibu!" hata kabla ya kuuliza nani.

Akaingia mzee mrefu, koti zito la sufu, kofia mkononi. Mabegani alikuwa na theluji. Nikajiambia labda imeanza kuanguka, nikachungulia nje: mvua. Akaketi karibu na hita, nusu saa nzima, na theluji ile haikuyeyuka. Chai aliinyanyua mara kwa mara mpaka mdomoni, lakini kikombe kilibaki kimejaa.

"Mama yangu amerudi?" alimuuliza Mama Jasbir kwa Kiingereza cha taratibu.

"Bado," Mama akamjibu. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, bila kupunguza sauti: "Zamani hii nyumba ya mama yake. Yeye mtoto wakamchukua, wakamtia meli, wakampeleka shamba ya watu Kanada. Huko kazi mpaka mzee. Huko kufa. Kila baridi anakuja kuuliza. Mimi nampa chai, anakwenda. Wewe hapana ogopa."

Huko kufa! Alilisema kama anayetaja bei ya vitunguu. Na je, unajua nilifanya nini? Badala ya kunyamaza, ulimi wangu ukauliza Kanada sehemu gani.

Akataja kaunti yangu.

Ukweli ni kwamba hofu ilinitoka kidogo. Ilikuwa kama kukutana na mtu wa kwetu ugenini. Nikamwambia naijua! Nilichuma matufaha Mstari wa Tano, nikakamua ng'ombe wa Mstari wa Sita. Lile banda lililoinama kule njia panda, bado limesimama.

Mzee akaweka kikombe chini. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo njia ya kurudi unaijua," akasema.

Alipoinuka kuaga, nilifanya kosa ambalo jirani yeyote wa Kiingereza asingelifanya. Sisi mgeni hatumwachi mlangoni. Unatoka naye, mnapiga hatua mkizungumza, mpaka yeye mwenyewe asimame aseme, "Basi, rudia hapa." Hapo ndipo umepewa ruhusa. Nikavaa koti na kusema, "Ngoja nikusindikize mpaka kituo cha basi."

"Wewe jinga!" Mama Jasbir alipiga kelele. "Chai tu! Hapana toka na yeye!" Lakini mguu wangu ulikuwa umeshavuka kizingiti.

Tulipita nyumba nne, tano. Taa za barabarani zilikuwa zikiwaka. Mzee alikuwa akizungumza: hapa aliishi fulani aliyeuza shamba, hapa palikuwa na kanisa, hapa reli ingepita lakini haikupita. Nikafikiri anaizungumzia Aston ya zamani. Kisha nikasikia viatu vyangu vinasaga theluji.

Nilipoinua macho sikuona matofali. Nyumba zilikuwa zimeachana, katikati kuta fupi za mawe ya shambani, na mbele yetu barabara imenyooka haina mwisho. Upepo ulitoka kulia, upepo wa ziwa. Niliijua harufu yake. Banda lililoinama lilikuwa pale njia panda, na kibao: Mstari wa Tano.

Nilisubiri aniambie nirudi. Hakusema. Angejuaje? Desturi ile si ya kwao. Nami, utaniona mpumbavu, sikuweza kumwacha mzee katikati ya njia bila ruhusa yake. Nililelewa hivyo. Miguu ilikufa ganzi, meno yakagongana, na bado nilikwenda. Mstari wa Sita ukapita.

"Baba, nirudie hapa?" nikauliza.

"Karibu tunafika. Umesema unajua kukamua."

Mbele, kwenye Mstari wa Saba, taa moja ilikuwa dirishani. Nikawasikia ng'ombe wakilia kwa maziwa kujaa. Mlangoni palikuwa na jozi ya viatu vya zizi, vimepangwa, na nilipoviangalia nilijua vinanitosha.

"Nimechoka," mzee akasema, akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa chuma cha baridi. "Nilikuwa na miaka tisa waliponiacha hapa. Wakasema watakuja kunichukua. Sasa umekuja wewe."

Niliuchomoa mkono wangu nikakimbia. Sikuaga. Nyuma yangu sauti ilinifuata, na haikuwa tena ya mzee, ilikuwa ya mtoto: "Na wewe pia? Na wewe pia?"

Niliikimbia barabara ile nyoofu mpaka nikaanguka, na nilipoanguka nilianguka juu ya lami yenye maji, chini ya daraja la barabara kuu, magari yakinguruma juu. Nilipofika kwa Mama Jasbir, chai niliyojiongezea kabla ya kutoka ilikuwa bado na mvuke.

Vidole viwili vya mguu wangu wa kushoto vilikatwa wiki hiyo. Daktari aliniuliza mara mbili nilikuwa nimelala wapi, kwa kuwa baridi ya kuua vidole namna ile haikuwapo Birmingham. Tangu hapo mzee hakwenda tena kwa Mama Jasbir. Alianza kuja kwangu. Jioni mlango wa Perry Barr unabishwa, nafungua, hakuna mtu, ila theluji kizingitini. Nikahamia Selly Oak, katika nyumba ya wanafunzi. Siku ya tatu wakaanza kulalamika nani anamwaga barafu mlangoni.

Kwa hiyo sikiliza. Mtu usiyemjua akikuuliza kuhusu mahali pa mbali ulipowahi kuishi, hata kama moyo unakuwasha kusimulia, mwambie hupajui. Mtu mwenye kiu ya kwao hasikii hadithi, anasikia njia.

Niliondoka Birmingham kwa mara ya mwisho mwezi wa Machi. Nikiwa uwanja wa ndege, tayari nimepita ukaguzi, Mama Jasbir akanipigia simu.

"Kijana, mzee iko hapa. Anakunywa chai. Anauliza wewe umekwenda wapi."

"Mama, tafadhali, usimwambie."

Nyuma yake nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani.

"Mimi nimesema tayari," akasema. "Mtu mzima anauliza vizuri, mimi nadanganya?"