Maji ya Uongo ya Ivuna

Nilisikia kengele za ng'ombe kabla sijaona kitu. Kisha kundi likatokeza kwa mbali, miguu imezama kwenye maji yanayometameta, na mimi najua fika kwamba mwezi huu uwanda wa Ivuna hauna hata tone. Nimetoka Tunduma na daftari langu kufuata neno moja tu: lile ambalo bibi yangu alilitumia kuyaita maji hayo ya uongo kwa Kinamwanga, lugha ya kwetu. Riwaya yangu imekwama hapo. Kwa Kiswahili sarabi nalijua, mazigazi nalijua. Siyo hayo ninayoyataka.

Utoto wangu, rafiki, unanukia moshi wa kuni mbichi na maji ya chumvi yakitokota kwenye sufuria ya bibi. Sisi wajukuu tulikwangua ukoko mweupe na kuramba vidole. Bibi akitupa macho uwandani alilitaja lile neno, huku akicheka peke yake.

Darasa la sita, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni mirage, akalitamka, akataka sentensi. Mimi nikasikia Miraji. Nikasimama kifua mbele, nikasema kwa Kiingereza changu kwamba Miraji ni jirani yetu na ana ng'ombe wengi. Darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu alipoeleza maana yake, nikaropoka neno la bibi kwa furaha. Nikala fimbo mbili. Lugha za nyumbani, akasema, ziachwe nyumbani.

Jioni bibi alipolitaja tena, nikamkatiza.

"Bibi, yale yanaitwa mirage."

"Miraji? Huyu wa ng'ombe?"

"Siyo huyo. Ni Kiingereza. Hilo lako si neno."

Hakulitaja tena mpaka tukamzika.

Leo nimemuuliza Miraji mwenyewe, sasa mzee. Alihamia huku na mifugo yake, Kinamwanga hakimpandi. "Bibi yako alikuwa analisema, mwanangu," akaniambia, "wewe ndiye uliyekuwa unamcheka." Shangazi naye amesahau. Watoto wake wanasema mirage, tena kwa matamshi safi. Mafiga ya bibi yamebaki mawe matatu juani.

Ukurasa bado mtupu. Kila nikikaza kumbukumbu nilisikie neno lake, nasikia jioni ile tu: bibi akirudia polepole, kama mwanafunzi, "mi-ra-ji", akichukua sufuria yake, akitoka kwenda kwenye chumvi, na mlango ukifungwa nyuma yake.