Hodi Kabla ya Kuvunja Mtungi

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mke, mtoto wa wiki tano, na gemu moja la zamani lililonishinda tangu darasa la tano. Siku nilipoliona tena kwenye meza ya mitumba pale mjini Singida, kaseti ya kijivu yenye picha ya kijana na upanga, nilicheka peke yangu mpaka muuzaji akaniuliza kama niko salama. Nikalibeba pamoja na mashine yake hadi kwangu Unyambwa, napiga mluzi njia nzima.

Tatizo, nyumbani alikuwepo mama mkwe. Alikuja kutoka Nduguti kumwogesha mjukuu na kumpikia uji mke wangu, na kwa desturi tuliyolelewa nayo, mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe wala hawatazamani usoni. Mimi naamkia nikiwa nje ya mlango, yeye anaitikia "Marahaba" kutoka ndani, yametosha. Akiwa na neno kwangu anampa mtoto: "Mwambie baba yako maji yamekwisha." Mtoto ananyonya ngumi, mimi nashika ndoo.

Na gemu lenyewe sasa! Kijana anamtafuta mama yake aliyefungiwa kwenye ngome. Unafyeka nyasi, unapigana na popo, unaongezeka nguvu kidogo kidogo, na muziki wake ukikuingia kichwani unaupigia mluzi hata ukiwa bafuni. Hakuna anayekuelekeza pa kwenda, na huo ndio utamu. Ndio ubaya wake pia, maana unaweza kuzunguka msitu mmoja tangu chai mpaka chakula cha mchana. Upanga unampitia popo katikati, popo hana habari. Bawa lake likikugusa tu, umekufa. Na huwezi kusevu ulipofikia mpaka ukalale nyumba ya wageni, nayo iko kijiji kimoja tu. Nililipenda kama unavyompenda ndugu yako mkorofi.

Jumatano mchana nikasikia kigoda kikiburutwa koridoni, nyuma ya pazia. Nikajifanya sijasikia. Pazia likasogea upande wa televisheni, kidogo tu.

"Mwambie baba yako, huyo kijana anamtafuta nani?"

Mtoto alikuwa mgongoni kwake, amelala fofofo. Nikamjibu hivyo hivyo. "Mwambie bibi, anamtafuta mama yake."

Kigoda kikasogezwa karibu zaidi. "Mwambie afanye haraka. Jumamosi narudi Nduguti, alizeti inanisubiri. Nisiondoke bila kujua kama huyo mama amepatikana."

Sasa mchezo ukawa mzigo wangu, maana nilijua tunakokwenda kukwama. Kijiji cha pili lango limefungwa, ufunguo hauonekani. Hapo ndipo niliposhindwa utotoni. Alhamisi nzima tulizunguka, mimi na sauti ya nyuma ya pazia, tukiongea na kila mtu, hata bibi kizee mwenye nyumba iliyojaa mitungi, tukifyeka kila jani.

Ijumaa mke wangu akaingia na nepi alizoanua, akatazama dakika moja, akauliza, "Kwani hiyo mitungi kwa yule bibi ina nini?"

Mimi na mama mkwe tuliguna kwa pamoja. Mitungi ya watu! Utotoni, shangazi aliyenilea alituona mimi na wenzangu siku ya kwanza tukiingia nyumba ya watu ndani ya gemu na kuwavunjia vyombo, akazima televisheni na kutupa kazi ya kupalilia wiki nzima. Toka hapo kijana wetu akawa na adabu zake: anamsalimia bibi, anatoka. Miaka yote hiyo.

Koridoni kukawa na mashauri. Mwishowe hukumu ikatoka: "Mwambie baba yako apige hodi kwanza. Amwombe bibi radhi. Halafu avunje."

Nikasema kwa sauti, mtu mzima mimi, "Hodi, bibi. Shikamoo. Utanisamehe kwa mitungi." Nikavunja. Mtungi wa sita ukatoa ufunguo, na mama mkwe akapiga vigelegele mpaka mtoto akaamka analia na jirani akachungulia kuuliza tunaposa wapi.

Jumamosi asubuhi mkoba wake ulikuwa mlangoni, na sisi tulikuwa kwa joka la mwisho. Nilikufa mara nne. Mara ya tano nikasikia, "Mguuni, baba! Mpige mguuni!" Hakumpa mtoto neno hilo. Nilipogeuka, amesimama katikati ya sebule, pazia limemkaa begani. Nikapiga mguuni. Joka likaanguka, mlango wa ngome ukafunguka, mama akatoka akasimama mbele ya mwanawe.

Na hiyo ndiyo kasoro ya gemu kubwa kuliko zote: mama huyo hakusema kitu. Muziki ukalia, majina ya watengenezaji yakaanza kupanda kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" mama mkwe aliniuliza mimi, usoni.

Mke wangu, anayesoma Kiingereza kunishinda, alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Nikakazia macho jina la mpiga muziki, nikasoma: "Anasema, 'Mwanangu, mbona umekonda hivi? Umekula?'"

Mama mkwe alijipiga kofi pajani, anacheka na machozi yanamtoka. "Ee! Angesema nini kingine? Na hapo chini?"

Majina yalikuwa mengi. Nilimsomea yote.