Msalaba wa Mama Kushoto

Octave alikuwa mtengeneza vito katika karakana moja ya ghorofani, katikati ya jiji la Johannesburg, juu ya kanisa lililokodi duka la zamani la samani. Kazi yake mwaka ule wa 2017 ilikuwa misalaba ya fedha ya kuvaa shingoni. Tajiri wake, ambaye babu yake alitoka Ayalandi, alibandika ukutani picha za misalaba ya mawe iliyochongwa huko zama za kale, mirefu kuliko mtu, na wateja walitaka hiyo hiyo, ila iwe midogo kama kidole. Ilikuwa na nyuzi zilizosukwa bila mwanzo wala mwisho, na mikono ilipokutana na shina palikuwa na duara. Octave alipoliona duara lile mara ya kwanza alicheka peke yake. Lilikuwa ngata ya mama, ile ya kujitwishia kikapu cha sombe, majani ya muhogo.

Mama yake alibaki Uvira, Kongo, mji ambao Octave aliukimbia kwa sababu ya vita. Alitwanga sombe akauza sokoni. Orpha, binti yake wa pekee, alizaliwa baadaye sana, kwa hiyo miaka mingi aliyesimama ng'ambo ya kinu alikuwa Octave. Mama akipiga, yeye anainua; mama akiinua, yeye anapiga. Watoto wa jirani walimuuliza ataolewa lini. Octave alitwanga kwa mkono wa kulia, mama kwa wa kushoto, na soko zima lilimwita Mama Kushoto.

Mama akafariki, na Octave hakuzika. Mwenye karatasi za ukimbizi akirudi alikokimbia, huenda asipokelewe tena, naye alikuwa na mke, Victorine, na watoto wa kulea. Alilia kazini huku akisugua fedha, na hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa vumbi lile humliza kila mtu.

Kaburini walisimika msalaba wa mti, mpaka siku ya kuondoa matanga, ambapo fundi Gaston angejenga wa saruji. Orpha akapiga simu kuuliza jina la mama liandikwe vipi. Octave akakumbuka kwamba mama hakujua kusoma. Akakumbuka pia alichoambiwa na tajiri, kwamba mawe yale yalichongwa watu wa Biblia ili asiyejua kusoma asimame chini yake asimuliwe. Akamjibu Orpha kwamba jina waandike wanavyotaka, lakini katikati Gaston aache nafasi ya sahani moja. Yeye atatuma kitu.

"Kitu gani, yaya?" Orpha akauliza, kwani kwao kaka mkubwa huitwa yaya.

"Mama mwenyewe."

Akatafuta kipande cha mbao ngumu, cha duara kama sahani, cha kugandamiza kwenye saruji mbichi. Karakanani alizoea nta: unachonga, unaifunika kwa plasta, nta inayeyuka, fedha inamwagwa mahali pake, na kinachotoka ni kile kile ulichochonga. Mbao ilikuwa kazi nyingine. Ili mama atokeze nje kwenye saruji, ilibidi amchimbe kwenda ndani. Hilo alilikumbuka. Alimchonga kama watu wa kwenye mawe yale, kichwa kikubwa, kanzu mpaka miguuni, usijue mume wala mke. Mbele kinu, mchi juu, mkono wa kushoto. Victorine, ambaye mchana kutwa alisuka nywele za watu, akamwambia, "Miaka yote hii, mimi hujanichonga hata sikio."

Epiphanie, Mrundi mwuza nguo, alikuwa akipanda basi kurudi Bujumbura, na kutoka hapo Uvira si mbali. Octave alimpa mbao imefungwa kwenye kitenge, akamsisitizia kwamba fundi aipake mafuta kwanza, saruji isije ikanata. Akamsisitizia tena.

"Sharp, papa," Epiphanie akakubali kwa lugha ya mitaa ya Johannesburg. "Nitaibeba mgongoni kama mtoto."

Siku ya matanga Octave aliiweka simu mezani, kati ya patasi zake. Picha ilifika alasiri, kanisa la chini likiimba. Saruji ilikuwa safi, duara limekaa vizuri. Akaikuza picha kwa vidole. Mchi ulikuwa mkono wa kulia. Kinachogandamizwa hugeuka, kama uso kwenye kioo. Hata mtoto anayechezea mhuri anajua. Nta ilikuwa imemsahaulisha.

Akampigia Orpha, akamwomba amwambie Gaston avunje pale katikati, yeye atachonga nyingine. Orpha akasema watu wameshaona.

"Walisemaje?"

Orpha akasogea pembeni ya watu. Nyuma yake sahani ziligongana.

"Walisema huyu si Mama Kushoto. Mama Zabibu, yule muuza chumvi, ndiye aliyeanza. Akasema, huyu ni Octave, amekuja kutwanga na mama yake. Basi wote wakasema ni wewe."

Octave akashika patasi moja, akaiweka tena mezani.

"Yaya? Gaston bado yuko hapa anakula. Nimwambie avunje?"

"Acha," akasema. "Mwache ale."

Simu ilipokatika aliitazama picha tena. Ng'ambo ya kinu hapakuwa na mtu. Palikuwa na saruji tupu, laini, nafasi ya mtu mmoja.