Ule Tata wa Chakula ya Kuku

Batu ya Dilala, mi leo niko na kilio. Ule tata mwenye alikuwa anauzisha chakula ya kuku pembeni ya soko amekufa kule Kasai, fasi yenye hakuzaliwa. Yee alizaliwa hapa. Baba yake njo alikuyaka kutoka kule, kutumika mu mine ya shaba. Shofere mwenye alileta habari alileta na ulizo ya mujane: anaweza kurudia na batoto, ama batamutupia tena majiwe?

Wakati kampani ya mine iliacha kulipa batu, kila nyumba ilianza kufuga kuku, na tata njo alikuwa anatuchanganyia mahindi na bunga ya samaki mu gunia moja. Siku moja jirani yangu, mutu wa mine, akarudia na gunia yake na makelele. "Tata, we mwizi! Juu mahindi tupu, chini bunga tupu. Batu ya Kasai njo beko hivi!" Mi nikakunja ngumi. Tata akanikamata mukono: "Acha, mudogo. Mukipigana, napoteza bakiliya babili ya duka." Akamwambia jirani: "Changanya we mwenyewe." Ule akachanganya mpaka jasho, akafunga gunia pa kinga, baiskeli yake, akapiga pedale mu ile barabara ya mashimo mpaka kwake, akarudia ku soko. Kufungua: mahindi juu, bunga chini. "Ah, tata! Kumbe barabara njo mwizi!" Soko yote ikacheka. Gunia ikitikisika, bunga inapenya katikati ya mahindi na kushuka, mahindi inapanda. Ni vile tu.

Kisha bakaanza kufukuza batu ya Kasai na majiwe. Tata, bibi yake na batoto balilala ku gare, banangojea treni ya kwenda Kasai. Jirani ule alibapelekea maji. Na sasa, ku kilio, nasikia bamoja banasema: "Mujane abakie kule. Muliona gunia ya tata mwenyewe: bitu bya namna mbili binajitengaka." Mi nikasimama, sauti juu, mpaka banishikilie. Binajitenga? Gunia yenye kutulia mu duka yake haikujitenga ata siku moja! Ni kutikisa njo kunatenga, na kutikisa iko na mikono. Mutu akikwambia jirani yako alienda yee mwenyewe, muulize nani alimusukuma.

Jirani akainuka nyuma yangu. "Mwambie mama arudie," akasema polepole. "Niko na byumba mbili. Kimoja ni chake." Shofere anaondoka na jibu hiyo. Mi nimeongeza neno moja tu: aingie Dilala muchana, batu bote bamuone.