Sanda Niliyoiomba kwa Kiingereza

Wewe ni mtu wangu, ndiyo maana nakueleza hili ambalo hata shoga zangu wa darasani sijawaeleza vizuri.

Nilikuwa nasoma Kiingereza jioni, pale Mabawa, nikishawalisha watoto. Mwalimu akasema darasani hakutoshi, kila mtu atafute wa kuzungumza naye. Mimi nikampata mama mwenye duka mtaani kwetu, Mhindi, Mwislamu mwenzetu, mjane. Tukakubaliana: dukani kwake Kiswahili marufuku.

"Kibiriti," nasema, nimejisahau.

"Sikusikii. Kiswahili leo nimekifungia kabatini!" Wateja wanacheka.

Miaka ile ya uhaba wa bidhaa, kitambaa kilikuwa hakionekani. Mama yangu akafariki alfajiri. Mume wangu akazunguka mjini kutafuta sanda, kila duka hamna, na kwa yule mama wa dukani hamna. Wazee wakasema tumzike kwa shuka la kitandani, likifuliwa linafaa. Najua linafaa. Lakini mama aliniusia nyeupe, mpya. Nikajitanda kanga, nikaenda mwenyewe kwa yule mama wa dukani.

Akanisalimu kwa Kiingereza, kama kawaida. Nikamjibu: mzima, ahsante, na wewe? Sisi hata msiba ukiwa ndani tunajibu salama kwanza. Kisha, kwa Kiingereza kile kile, nikasema mama yangu amekufa, nataka kitambaa cheupe. Sauti haikutetemeka. Yalikuwa maneno ya ubaoni tu, mama yangu hakuwamo.

Akaniangalia.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili, "mama katutoka lini?"

Kwa Kiswahili, mama yangu alikuwamo. Sikulia. Nikashika meza ya duka, nikasema, "Alfajiri."

Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe kinanukia udi. Ilikuwa sanda yake mwenyewe, aliyojiwekea tangu aliporudi kuhiji.

"Na wewe, bibi?" nikamuuliza.

"Mimi bado nauza kibiriti. Nenda, mkamzike."

Tukamzika baada ya alasiri.

Biashara zilipofunguliwa, vitambaa vikajaa madukani, nikamnunulia sanda nyingine. Alhamdulillahi, nilimkuta hai. Akaipokea, akaniuliza hali kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kiswahili. Safari hii alinisikia.

Sanda hiyo ndiyo aliyozikwa nayo. Hakuacha mtoto wa kumwombea. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayejifunza lugha ya wenzake, msimulie haya, na umwambie amwombee yule mama, kwa lugha yoyote aliyonayo.