Salamu za Hillary

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakumjua Nakhungu, jirani yangu wa kibanda sokoni Kitale. Njia yake ilitoka hapa ikafika Mabanga kwa mamake, na aliipita miaka mitano bila kujikwaa.

Nakhungu hushona sare za shule. Mimi nauza vifungo na nyuzi kando yake. Siku mumewe, Hillary, alipobeba nguo zake akahamia kwa mwanamke mwingine Bungoma, ni mimi niliyemsindikiza nyumbani. Hakulia. Alisema tu, "Mayi asijue."

Mayi ni mamake, Nabwile, mjane mwenye presha. Binti yake mkubwa alikuwa amekwisha kuachika, na Nakhungu aliogopa kwamba habari ya pili ingemuua.

Desturi ikamsaidia kudanganya. Kwetu Wabukusu, mama na mume wa binti yake hawaangaliani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani ili mwenzake apite. Mama halali kamwe nyumbani kwa mkwewe. Kwa hiyo Nabwile hangekuja Kitale, na hakuna aliyeshangaa kwamba Hillary haonekani Mabanga. Kila Krismasi Nakhungu alipeleka sukari na blanketi akisema, "Hii ni Hillary amekutumia." Mama alikuwa akipokea na kumwombea mkwe baraka. Nilikuwa nikisikia hayo natamani kumzaba mtu kofi, maana blanketi zenyewe tulizichagua mimi na Nakhungu.

Kisha miguu ya Nabwile ikaanza kufa ganzi.

"Mlete hapa," nikamwambia Nakhungu. "Nyumba ni tupu."

"Nikimleta, ataona Hillary hayuko."

Basi mama akabaki peke yake Mabanga, akichotewa maji na majirani, na binti akabaki peke yake Kitale, akilala redio ikiwaka ili kuwe na sauti ndani. Iliniuma, lakini mama hakuwa wangu.

Aprili mwaka huu tulienda pamoja kumwona. Alikuwa kitandani, amekonda sana. Nakhungu akaweka sukari mezani, akasema kama kawaida, "Hillary anakusalimia, Mayi."



"Huyo nilipatana na yeye hapo Kanduyi," mama akasema. "Nikataka kuingia kwa shamba ya watu, apite. Yeye akakuja tu, akaniangalia kwa macho, akanipatia mkono. Nikajua si mkwe yangu tena."

"Lini, Mayi?"

"Kitambo. Ulikuwa umeleta ile blanketi ya kwanza."

Nakhungu akakaa sakafuni. "Si ungeniambia?"

"Niliona unasikia aibu. Nikasema, nyumba sasa haina mkwe, naweza enda kukaa na mtoto yangu. Nikangoja uniite."

Tulikodi gari siku hiyohiyo, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya binti yake. Kitale aliota jua mlangoni, akalalamikia uji wetu kuwa mwepesi, na redio ikazimwa.

Mwezi haukuisha. Tulimrudisha Mabanga kumzika. Watu walipoondoka kaburini, Nakhungu alinishika mkono, akasema, "Tungekaa naye miaka mitano."